Kusoma Sheria Pamoja na Siasa Chuo Kikuu

(Hotuba iliyotolewa katika bwalo la shule siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Inachapishwa hapa kwa maombi ya wanachama waliokosa kufika.)



Katibu wa Umoja aliponiandikia aliniomba niseme machache juu ya elimu ya juu. Nilimjibu kwamba hiyo ni bahari, na mimi naogelea sehemu ndogo tu. Ndipo akanitumia barua aliyoipata kutoka kwa mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Sita, anayesoma HGL, ambaye jina lake sitalitaja kwa sababu yuko humu ndani na wenzake watamtania mpaka mtihani. (Kicheko.) Kijana huyo anasema kwamba anataka kusoma sheria, lakini moyo wake unapenda pia mambo ya siasa. Baba yake amemwambia kwamba sheria ni kazi na siasa ni ugomvi, na kwamba akichagua siasa hatampa hata nauli. Kijana anauliza: je, yawezekana kusoma vyote viwili? Na ikiwezekana, vinamfaa nini mtu asiye na shangazi wala mjomba serikalini?

Basi leo nitaijibu barua hiyo mbele yenu wote. Nilisoma sheria pale Mlimani, na kila niliporuhusiwa kuchagua somo la ziada nilikwenda kulitafuta kwa watu wa sayansi ya siasa. Tangu hapo nimekuwa mtumishi wa umma. Kwa hiyo nitasema juu ya siasa, lakini msinitegee niseme juu ya chama. Mtumishi wa umma anayo kura yake, anayo na akili yake, ila ukereketwa wa chama anauacha nje ya lango la ofisi.

Nianze na historia kidogo, maana wengi hudhani kwamba kuchanganya sheria na siasa ni mtindo mpya wa Ulaya. Kweli, huko Uingereza vyuo kama Cardiff na Queen's cha Belfast hutoa shahada moja yenye majina yote mawili. Lakini sisi tulikuwa na jambo hilo mapema, ingawa hatukuliandika kwenye cheti. Mnamo Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, chuo kikuu cha kwanza cha Tanganyika kilifunguliwa Dar es Salaam. Kitivo kilichotangulia vyote kilikuwa cha sheria, na wanafunzi hawakufika hata ishirini. Na madarasa yalikuwa wapi? Katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba! Mwanafunzi alijifunza sheria ya mikataba katika nyumba iliyojengwa na chama kilichokuwa kinaupokea utawala wa nchi. Chuo kilihamia Mlimani mwaka 1964, lakini sina hakika kama harufu ya Mtaa wa Lumumba ilikitoka.

Sababu ilikuwa wazi. Nchi ilihitaji wanasheria wake, na sheria walizozikuta zilikuwa zimetungwa na Mwingereza kwa ajili ya kututawala. Mwanafunzi aliyekariri vifungu hivyo bila kuuliza vilitoka wapi na vilimlinda nani angehitimu akiwa karani mzuri wa mkoloni aliyekwisha ondoka. Walimu wa wakati ule, kama Yash Ghai kutoka Kenya, walifundisha kwamba sheria lazima isomwe pamoja na jamii inayoizunguka. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 mjadala ukawa mkali zaidi. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alikuwa akifundisha hapo hapo, na kitabu chake juu ya Ulaya na Afrika kilitoka mwaka 1972. Issa Shivji, aliyesomea sheria Mlimani, alichapisha kitabu chake kikubwa juu ya matabaka ya Tanzania mwaka 1976. Nani angesema kitabu kile ni cha sheria au ni cha siasa? Willy Mutunga, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia 2011 hadi 2016, naye ni zao la darasa la sheria la miaka hiyo.

Msidhani pia kwamba mambo yalikuwa shwari. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akawarudisha makwao zaidi ya wanafunzi 300. Nawaambia hivi wadogo zangu msije mkadhani kusoma siasa ni kujifunza kuandamana. (Kicheko.) Mkuu wa Shule, naona umetabasamu.

Sasa nije kwenye kiini. Tofauti ya masomo haya mawili ni tofauti ya maswali. Mwanasheria akiletewa jambo huuliza: kifungu kipi? Nani ana mamlaka? Utaratibu ulifuatwa? Msomi wa siasa akiletewa jambo lile lile huuliza: nani anafaidi? Nani hakuwapo kikaoni? Kwa nini leo na si mwaka jana? Kila mmoja peke yake huona nusu ya ng'ombe.

Nitatoa mfano mmoja na nitauchambua kwa kirefu, maana nikiwapa mifano kumi mtatoka hapa na majina matupu.

Katiba yetu ya 1977 haikuwa na orodha ya haki za binadamu ambayo raia angeweza kuipeleka mahakamani. Orodha hiyo iliingizwa kwa mabadiliko ya mwaka 1984, na hata hapo mahakama zikaambiwa zisubiri mpaka 1988 ndipo zianze kuitumia. Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuwauliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vyama vingi. Wengi, kama wanne katika kila watano, walisema tubaki na kimoja. Hata hivyo tume ilipendekeza vyama vingi, ikaorodhesha na sheria 40 ambazo iliona zinakandamiza. Mwaka 1992 sheria ya vyama vingi ikapita. Mwanasheria akisoma habari hii ataona tume, ripoti, muswada, sheria. Kila kitu kimekwenda kwa utaratibu. Msomi wa siasa atauliza: ilikuwaje wachache wakasikilizwa kuliko wengi? Naye atatazama Ulaya ya Mashariki ya 1989, atatazama wafadhili, atatazama Mwalimu Nyerere aliyekuwa amekwisha sema kwamba chama kimoja si jambo la kuabudiwa.

Akatokea Mchungaji Christopher Mtikila. Hakuwa mwanasheria, lakini alifahamu njia ya mahakamani kuliko mawakili wengi. Alikwenda Mahakama Kuu akidai kwamba raia hawezi kulazimishwa kujiunga na chama ndipo agombee uongozi. Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira, akiwa Dodoma, alikubaliana naye: mgombea binafsi aruhusiwe. Mwanafunzi wa sheria anayefunga daftari hapo atasema Mtikila ameshinda. Lakini kabla ya mwaka kwisha Bunge lilipitisha Mabadiliko ya Kumi na Moja ya Katiba, na mlango ukafungwa kwa funguo ile ile ya sheria.

Mtikila hakuchoka. Mwaka 2005 akarudi mahakamani, na mwaka 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakampa tena haki. Serikali ikakata rufani. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani, wakikaa majaji saba, ikasema kwamba jambo hili ni la kisiasa na la kuamuliwa na Bunge, wala si la mahakama. Hapo, wadogo zangu, ndipo ninapotaka mtege masikio. Mahakama ya juu kabisa ya nchi ilichora mstari ikasema: huku ni sheria, kule ni siasa. Je, mstari huo upo kweli? Kama upo, nani aliuchora, na alitumia kipimo gani? Maswali hayo hayajibiki kwa somo la sheria peke yake, wala kwa siasa peke yake.

Mtikila akapeleka shauri mbele zaidi, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha. Juni 2013 mahakama hiyo iliamua kwamba Tanzania ilikuwa imevunja haki zake. Mchungaji alifariki kwa ajali ya gari mwezi Oktoba 2015, wiki tatu tu kabla ya uchaguzi, na uchaguzi ule wa 2015 ulifanyika bila mgombea binafsi, kama na ule wa 2020. Novemba 2019 serikali yetu iliondoa tamko lililowaruhusu raia na mashirika kwenda moja kwa moja katika mahakama ile. Nasema haya kama yalivyoandikwa katika kumbukumbu za wazi. Sikuja hapa kumshitaki mtu. Nataka mwone kwamba kesi moja imechukua zaidi ya miaka ishirini, na katika miaka hiyo hukumu zilikuwa zikijibiwa na miswada, na miswada ikijibiwa na hukumu. Mtu aliyesomea upande mmoja angekuwa anauliza kila mara, "Mbona hivi?"

Mfano mwingine nitautaja kwa kupita. Tume ya Rais ya ardhi, aliyoiongoza Profesa Shivji, ilitoa ripoti mwaka 1992 na kupendekeza kwamba mamlaka ya ardhi yatoke mikononi mwa serikali kuu na mengi yaende kwenye mikutano ya vijiji. Sheria za Ardhi za 1999 zilichukua baadhi ya mapendekezo, lakini ardhi yote ikabaki mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Wanasheria waliandika ripoti nzuri. Kilichoamua kiingie nini na kiachwe nini kilikuwa siasa.

Mtaniambia: hayo ni ya Dar es Salaam na Dodoma, sisi wa wilayani yanatuhusu nini? Haya, niwaletee ya kijijini. Miaka kadhaa iliyopita nilitumwa kwenye halmashauri moja, jina lake naliacha, kuangalia mgogoro wa soko. Halmashauri ilikuwa imepandisha ushuru wa meza sokoni, na kina mama wauza nyanya walikuwa wamegoma kulipa. Mgambo walikuwa wamekwisha mwaga beseni mbili tatu. Nikaomba nione sheria ndogo. Nikaonyeshwa rasimu iliyopitishwa na Baraza la Madiwani, basi. Haikuwa imepata kibali cha Waziri, wala haijatangazwa katika Gazeti la Serikali, kama inavyotakiwa na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982. Kwa maneno mengine, ushuru mpya haukuwa na miguu. Kusema hivyo kulinichukua nusu saa, na hiyo ndiyo kazi ya sheria.

Lakini nilipouliza swali la pili, jambo likafunguka kabisa. Kwa nini kiwango ni kimoja kwa mama mwenye beseni la nyanya na kwa mfanyabiashara mwenye maduka matatu ya jumla? Nikasoma mahudhurio ya kikao cha kamati. Waliokuwa wamealikwa kutoa maoni juu ya rasimu walikuwa wenye maduka. Tangazo kwa wananchi lilibandikwa ubaoni, ndani ya ofisi ya halmashauri, ambako mama muuza nyanya hana shughuli. Madiwani nao hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na zahanati iliyokwama kwenye lenta, na fedha kutoka juu zilikuwa zimechelewa. Ningewaambia tu "acheni, ni haramu" nikapanda gari, wangesubiri kibali miezi kadhaa na kurudisha ushuru ule ule, halali safari hii, na beseni zingemwagwa tena kwa mujibu wa sheria.

Ushuru ulisimamishwa. Mkutano ukaitishwa pale pale sokoni, siku ya gulio, viwango vikatenganishwa kwa ukubwa wa biashara, waliokwisha lipa wakahesabiwa fedha zao katika malipo ya mbele, na rasimu mpya ikapelekwa kwa Waziri. Zahanati ilichelewa, siwafichi. Wenye maduka walilalamika mpaka mkoani, na wengine hawajanisalimia mpaka leo.

Sasa nirudi kwa baba wa kijana wetu, maana mzazi anastahili jibu. Mzee, una haki ya kuuliza juu ya mkate. Shahada ya sheria inafungua mlango mmoja ambao siasa haiufungui: bila hiyo huwezi kuingia Shule ya Sheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, na bila hiyo Shule kijana aliyehitimu hapa nchini hawi wakili. Lakini usidhani kwamba mlango huo ni mpana. Mwaka 2022 matokeo ya Shule hiyo yalizua kelele nchi nzima: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Serikali ikaunda kamati ya kuchunguza sababu. Kila mtu alikuwa na mkosaji wake. Wengine walilaumu mitihani, wengine vyuo vikuu, wengine Kiingereza cha wanafunzi. Maoni yangu ni kwamba tumekuwa tukipeleka katika sheria vijana wengi waliovutwa na joho na wigi, ambao hawakuwahi kusoma hukumu moja kuanzia mwanzo hadi mwisho kabla ya kuichagua.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kijana ni huu. Kama una nguvu ya kusoma, chukua sheria iwe nguzo, na siasa uifuate kwa kila nafasi utakayopewa. Katika vyuo vyetu hutakuta mara nyingi shahada moja yenye majina yote mawili. Pale Mlimani sheria ina nyumba yake, na sayansi ya siasa na utawala wa umma ina nyumba nyingine. Lakini kati ya nyumba hizo hakuna ukuta wa matofali. Kaa nyuma katika mihadhara yao. Hakuna aliyewahi kufukuzwa kwa kusikiliza zaidi ya alichoandikishwa. Ukianza na siasa, hujachelewa pia. Wapo watumishi wengi waliosoma sheria baadaye wakiwa kazini, kwa njia ya Chuo Kikuu Huria kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992. Ni safari ndefu, na familia itakuona kwa nadra, lakini wanafika. Ukibahatika kupata nafasi ya nje, uliza kwanza kama shahada hiyo itatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, ndipo uage.

Kama huna hamu ya kusoma kurasa nyingi, tafadhali usichague chochote kati ya hivi viwili. Nenda ukasomee kitu chenye michoro. (Kicheko.)

Na msingoje chuo. Mambo ya kuanzia mnayo. Someni Katiba yenyewe, msisome muhtasari wa mtihani. Kaka zetu wa zamani walilazimika kuwa na mjomba mahakamani ili waone nakala ya hukumu. Ninyi hukumu za Mahakama Kuu na za Rufani mnazisoma bure katika TanzLII. Majadiliano ya Bunge nayo yanachapishwa. Chukueni sheria moja, msome muswada, msome wabunge walisema nini, kisha mtafute hukumu iliyoitafsiri. Mkifanya hivyo mara tatu kabla ya Kidato cha Sita kwisha, mtakuwa mmekwisha onja masomo yote mawili, na mtajua kama mnayapenda.

Jambo la lugha nalo nilitaje, kwa kuwa nimeona vijana wanaona aibu kuchukua HKL. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu na ya mahakama zetu, ingawa Kiingereza bado kina nafasi yake pale haki inapokihitaji. Sheria zetu ni mamia, na nyingi zilitungwa kwa Kiingereza. Mtu atakayeweza kusoma kifungu cha Kiingereza cha mistari kumi na miwili na kukiandika kwa Kiswahili ambacho mama muuza nyanya anakielewa, bila kupoteza nukta, atatafutwa. Sisi wa ofisini tunahangaika na kazi hiyo, wala hatuifanyi vizuri. Siku moja nilipewa rasimu ya tafsiri nikalazimika kurudi kwenye Kiingereza ili nielewe Kiswahili chake!

Kuna swali ambalo kijana hakuliuliza, lakini wazee wenzangu wananiuliza kila tukikutana: je, mtu akisoma siasa hatageuka mwanasiasa? Wengine watageuka, na si dhambi. Ndugu Joseph Warioba alihitimu sheria Mlimani mwaka 1966, akawa Mwanasheria Mkuu, Waziri Mkuu, na miaka mingi baadaye akaiongoza Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoundwa mwaka 2012. Rasimu ya tume yake ilipendekeza muundo wa serikali tatu. Bunge Maalumu la 2014 likaja na muundo mwingine, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa. Hata mwanasheria wa kiwango hicho alikutana na siasa njiani. Walio wengi kati yenu hamtakuwa Warioba. Mtakuwa maofisa utumishi, mahakimu wa mahakama za mwanzo, wanasheria wa halmashauri, walimu wa uraia. Rasimu zitapita mezani kwenu saa kumi jioni, mkurugenzi akiwa na haraka, na mtatakiwa kusaini.

Ndugu Mwenyekiti, naona Katibu anaonyesha saa yake, na harufu ya pilau imeanza kuingia bwaloni, jambo ambalo wakati wetu halikutokea hata siku ya kufunga shule. (Makofi.) Nimeleta nakala kumi za Katiba na bahasha yenye hukumu zote za shauri la Mchungaji Mtikila, ile ya 1994, ya 2006, ya 2010 na ya 2013. Namkabidhi Mkuu wa Shule ziwekwe maktaba, na ninaomba zisifungiwe kabatini. Kijana aliyeandika barua, baada ya chakula nitakuwa kwenye kivuli pale karibu na karakana ya zamani. Njoo na baba yako, kama alivyokuja. Nimemwona amekaa safu ya tatu.